Siku Sote Tuliposhika Mkia

Mimi sina subira, nalisema mapema ili mtu asije akashangaa. Wanafunzi wananiita Pilipili na wanadhani sijui. Nafundisha Historia, na mpaka mwaka juzi nilikuwa naamka na hamu ya kwenda kazini, jambo ambalo dada zangu walikuwa wananicheka nalo. Halafu Mkuu wetu wa shule akaenda semina.

Alirudi macho yanang'aa. Akatukusanya katika ofisi ya walimu, akasema amejifunza namna ya kuinua ari yetu. Ari! Tukatega masikio. Wengine tulidhani lile paa linalotudondoshea maji juu ya madaftari litazibwa, au choo cha walimu kitapata mlango unaofunga. Wapi! Mkuu alitoa fremu ya picha, akaipigilia ukutani mwenyewe kwa nyundo, akatangaza kwamba kila mwezi walimu watapangwa kwa maksi, wa kwanza mpaka wa mwisho. Maksi za kuwahi, maksi za kuwepo darasani, maksi za matokeo. Wa kwanza picha yake itakaa kwenye fremu. Karatasi ya majina itabandikwa nje, kwenye ubao uleule tunaobandikia matokeo ya wanafunzi.

Sasa niambie, ni nani mwingine angeona watu wamechoka akawapa mtihani? Fundi cherehani asingefanya hivyo. Hilo ni kosa la mwalimu, na mwalimu peke yake. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyebisha. Karatasi ya kwanza ilipotoka tulisukumana pale ubaoni, miwani puani, kila mtu anatafuta namba yake.

Wa kwanza alikuwa Ramani, mwalimu wetu wa Jiografia, mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Aliyeshika mkia alikuwa wifi yangu.

Wifi anafundisha Kemia. Ameolewa na mdogo wangu wa kiume, dereva wa malori ambaye nyumbani tunamwona kwa nadra. Mwalimu kama huyo utamtafuta kwa tochi. Watoto wanaoogopa hesabu wanaingia maabara kwake wanatoka wamechangamka. Lakini ana mtoto mdogo mwenye pumu, na pumu haina adabu, inapenda kumbana mtoto alfajiri, mama anapofunga kilemba aje kazini. Kwa hiyo Wifi alikuwa anachelewa. Alikwenda kwa Mkuu akajieleza, tena kwa heshima zote. Mkuu akamjibu, "Udhuru hauna maksi, mwalimu."

Mwezi uliofuata akashika mkia tena. Wanafunzi nao si unawajua? Wakampa jina. Akikatiza uwanjani unasikia mtu nyuma ya ukuta, "Mkia huyo, Mkia huyo," halafu kicheko. Nilimkamata mmoja nikamsema mpaka akalia, lakini utawakamata wangapi? Nyumbani, sisi mawifi tulizoea kurushiana maneno jikoni mpaka mama anatufukuza kwa mwiko. Wifi akaacha. Unamtupia utani, anatabasamu nusu, anaendelea kuosha vyombo. Mimi hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Na ofisi ya walimu ikageuka. Watu wakaanza kuficha chaki kwenye mikoba. Zamani mtu akijisahau na chai yake, mwenzake anamwambia, "We, kipindi chako hicho." Sasa wanamtazama, wanatazama saa ya ukutani, wanajikohoza. Ramani alikaa peke yake chini ya picha yake. Kushikiana vipindi mwenzetu akikosekana, Mkuu akapiga marufuku. "Atakayekutwa katika darasa lisilo lake," alisema, "kwangu mimi ni mtoro." Mwishoni akaongeza kanuni iliyonikosesha usingizi: atakayeshika mkia mara tatu mfululizo, jina lake linakwenda bodi ya shule. Na jina likishafika bodi, mwenye jina aanze kufungasha.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho kabla ya karatasi ya tatu kutoka. Wifi alikuwa amejitahidi mwezi mzima. Alikuwa sawa kwa maksi na mwalimu wa Dini, mzee wa watu ambaye alishajikatia tamaa, na siku hiyo moja tu ndiyo ingeamua. Kipindi cha kwanza alikuwa na kidato cha nne, praktiko, maabara. Tulikuwa tunatawanyika kutoka mstarini simu yangu ikatetemeka ndani ya mkoba.

"Wifi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtoto amebanwa. Wanamvutisha dawa hapa hospitali. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi."

"Mungu wangu! Sasa hivi je?"

"Anapumua. Mama yuko njiani, akifika namwachia nakuja. Lakini sitawahi." Nyuma yake nilisikia mashine inanguruma. "Usimwambie mtu. Nimekwambia wewe basi."

Akakata simu. Nikamtazama Mkuu. Alikuwa tayari amechukua kile kibao chake cha kubania karatasi na kalamu iko sikioni, lakini hakuelekea upande wa ofisi yake anakoanzia siku zote. Alielekea upande wa pili, mwisho wa varanda, kwenye maabara. Alikuwa anataka kutushtukiza.

Shule yetu ni mstari mmoja mrefu wa madarasa na varanda mbele yake. Ncha moja iko ofisi ya Mkuu. Ncha nyingine jengo linapinda, na hapo ndipo ilipo maabara, mlango wake unatazama varanda nzima. Darasa langu ndilo la karibu na maabara, la Ramani linafuata, kisha la mwalimu wa Kiswahili ambaye tunamwita Mama Lugha, na kuendelea hivyo mpaka kidato cha kwanza kilichopakana na ofisi. Mkuu alikuwa amesimamishwa na mlinzi katikati ya uwanja, wanazungumza kuhusu geti. Nilikuwa na muda wa kuvuka varanda, basi.

Nikaingia darasani kwangu. "Fungueni kitabu, someni. Atakayepiga kelele atanijua!" Nikatoka. Ramani alikuwa mlangoni kwake, anapangusa mikono kwa leso.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

Huyo mtu hatukuwa tumesalimiana wiki nzima. "Kaa na picha yako," nikamwambia.

"Wifi yako hajafika?"

Nikamkazia macho. "Kama unataka kwenda kusema, Mkuu yule pale. Kimbia!" Sikungoja jibu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa nimeogopa sana.

Maabara kidato cha nne walikuwa wamekaa kwenye stuli, mbele yao vichupa, vimiminika vya rangi rangi, na mimi nisiyejua asidi na maji ya kunywa. "Mwalimu wenu anakuja," nikasema. "Mpaka hapo asiguse mtu chochote. Hata chafya izuieni."

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, tuandike hatua za jaribio?"

"Andikeni! Mnangoja nini?"

Mlango ukafunikwa na kivuli. Mkuu. Alinitazama, akatazama vichupa, akanitazama tena.

"Mwalimu wa Historia. Hiki ni kipindi chako?"

"Hapana."

"Mwenye kipindi yuko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema yuko chooni, ameenda kuchukua chaki. Lakini wanafunzi arobaini walikuwa wananitazama mdomoni, nami nikaona uvivu wa kudanganya. "Mtoto wake yuko hospitali amebanwa kifua. Namshikia."

"Unaijua kanuni."

"Naijua."

Akatoa kalamu sikioni, akaandika pole pole, ili nione. "Mwalimu wa Kemia hayupo. Na wewe hapa ni mtoro, kwa maana darasa lako muda huu halina mtu." Alisema hivyo bila ukali, na hilo likaniuma kuliko angefoka. "Niende nikahakikishe."

Nikamfuata mpaka mlangoni. Sikuweza kujizuia. Nilijua Wifi amekwisha, na mimi nimejimwagia unga wangu bure. Mkuu akafika darasani kwangu, akachungulia, akasimama.

Ndani alikuwa Ramani. Niliisikia sauti yake, anawauliza watoto wangu vita vilianza mwaka gani, nao wanambishia.

"Mwalimu," Mkuu akasema, "unafanya nini humu?"

"Nasogea," Ramani akajibu.

Kusogea! Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu mama aliyekuwa mkuu wetu zamani alipostaafu. Wakati wake, mwalimu akikosekana hatukuacha darasa lake tupu. Jirani anasogea darasa moja kumshikia, jirani wa jirani anasogea mahali pake, na hivyo hivyo mstari mzima, mpaka pengo linafika darasa la mwisho, mlangoni kwa mkuu. Yule mama alikuwa anatoka ofisini na kipande cha chaki anaingia. Hakuwahi kumuuliza mtu.

Mkuu huyu hakuyajua hayo. Aliandika kitu, akapiga hatua hadi darasa la Ramani. Humo alikuwa Mama Lugha, ameshika tufe la dunia kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Akaandika. Darasa la Mama Lugha, akamkuta mwalimu wa Hesabu. Hakuuliza tena. Kila mlango alichungulia, akaandika, akaenda, na kila mara hatua zake zilizidi kuwa ndefu. Mzee wa Dini alikuwa anafundisha Baiolojia, Mungu amsaidie. Nilipiga kelele moyoni, "Jamani, jamani nyinyi!" na machozi yakanijaa, nami si mtu wa machozi.

Lakini usidhani nilifurahi. Niliwaza, sasa tumefukuzwa wote. Wapo pale wenye watoto vyuoni, yupo mwenye mume kitandani. Kama Mkuu angeshika kanuni yake, kibao kile kingetuzika.

Akafika darasa la mwisho, kidato cha kwanza. Halikuwa na mwalimu. Hapakuwa na kelele pia, watoto wale walikuwa wametulia, nadhani waliona kuna jambo. Mkuu akasimama mlangoni. Akatazama nyuma, varanda yote, na mimi nimesimama ncha ya pili. Kwa umbali ule sikuona uso wake. Aliinua kalamu, akaishusha. Kisha akaingia.

Sikuwa nimeshusha pumzi bado, Wifi akatokea getini, anakimbia, kanga ya mtoto bado iko begani. Alifika maabara anahema. "Amekuja?"

"Amekuja. Mtoto?"

"Amelala. Mama anaye." Akatazama saa ya ukutani, akatazama uso wangu. "Ameandika?"

"Ameandika shule nzima," nikamwambia. Hakunielewa, na wanafunzi walikuwa wanangoja. Akafunga kanga kiunoni, akaingia kazini.

Wakati wa chai hakuna aliyemimina chai. Tulikaa ofisini kama watu wanaongoja majibu ya vipimo. Mkuu akaingia akiwa na kibao. Koti lake lilikuwa na chaki, mkono mzima, mpaka kwenye kiwiko.

"Kwa kanuni yangu," akaanza, "leo shule hii haikuwa na mwalimu hata mmoja. Wote mko wa mwisho." Hakuna aliyecheka. "Nataka kujua nani ameanza."

"Mimi," nikasema.

"Mimi nilisogea bila kuambiwa," akasema Ramani.

"Wewe?" Mkuu alimgeukia. "Wewe wa kwanza miezi yote miwili?"

"Ndiyo, mimi." Ramani alikuwa amekunja leso yake mpaka imekuwa kama kidonge. "Tangu mnitundike pale, mkuu, hakuna mtu humu ndani anayenikaribisha hata chai. Nimechoka kuwa wa kwanza."

Nikainamisha macho. Ni kweli, hatukuwa tunamkaribisha.

Wifi akasimama. Nilimvuta sketi akae, akautoa mkono wangu taratibu.

"Msibishane," akasema. "Aliyechelewa ni mimi. Na leo nilikuja kuaga. Nilishaamua kule hospitali, nimekaa na mtoto mapajani, anavuta dawa, na mimi badala ya kumtazama yeye natazama saa. Nikajiuliza, mimi ni mama wa namna gani? Naacha kazi."

"Wifi!" nikasema.

"Niache niseme. Mkuu, mimi sikuchukii. Karatasi yako ibandue au iache, hainihusu tena. Kilichonimaliza siyo karatasi." Akatugeukia sisi, mmoja mmoja, na sauti ikaanza kumkatika. "Leo asubuhi nilimpigia huyu simu. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ni shangazi wa mtoto. Angekuwa mwalimu mwenzangu tu nisingempigia. Nimefanya kazi na nyinyi miaka yote hii, mtoto wangu anabadilika rangi mikononi, na nilipofungua simu sikuona jina la mwalimu hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia."

Mama Lugha akajifunika mdomo. Nilikuwa naona wifi yangu anaondoka mbele ya macho yangu, na kila alilosema lilikuwa kweli.

Mkuu akavuta kiti. Sijawahi kumwona akikaa katika ofisi yetu, kila siku husimama. Akakaa.

"Kidato cha kwanza," akasema, kama anajisemea, "mtoto mmoja ameniuliza, 'Kwani na wewe ni mwalimu?'" Akajipangusa chaki, ikazidi kusambaa. "Nimewafundisha hesabu za sehemu mpaka kengele. Nilikuwa nimesahau hata utamu wake." Akamtazama Wifi. "Mwalimu, mtoto hubanwa siku gani?"

"Pumu haina siku, mkuu."

"Nimeuliza vibaya." Akakohoa. "Akibanwa kesho, utampigia nani?"

Wifi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, yuko hatua chache tu na mlango.

"Mimi kesho Jumanne kipindi cha kwanza sina," Ramani akasema. Alisema haraka, kama mtu anayeogopa ataghairi. "Nipigie mimi. Namba yangu unayo?"

"Sina," akasema Wifi.

Fikiria. Miaka yote hiyo, meza mbili mbali. Ramani akaitaja, na Wifi akachelewa kidogo, kisha akatoa simu, akaandika. Mimi nikachukua Jumatatu, Mama Lugha akasema yeye Jumatano, halafu akaanza kulia, akaomba radhi kwa kulia. Mzee wa Dini akachukua Alhamisi, akasema siku zote yeye huamka kabla ya kuku, apigiwe hata kabla ya adhana, ila asipewe tena Baiolojia. Mtu mmoja akacheka, kicheko cha pua. Wifi aliendelea kuandika, macho kwenye simu, na sikuweza kujua kama anaandika ili abaki au anaandika kwa adabu tu, kama mtu anayepokea zawadi za kuagwa.

"Imebaki Ijumaa," akasema Mkuu. "Mimi sina kipindi hata kimoja wiki nzima. Niwekeni Ijumaa."

Wifi akainua kichwa. Alimtazama Mkuu kwa muda, koti na chaki yake yote.

"Ijumaa ni praktiko," akasema. "Utaniunguzia maabara."

Mkuu akapangusa tena chaki kwenye koti.

Wifi akavuta kiti chake, akaweka mkoba chini ya meza. "Basi njoo Alhamisi mchana," akasema, "nikuonyeshe."